Ruhusa za Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa wakikutana kivukoni kubadilishana vitu. Bi Kindi alileta karanga, Nyegere akaleta asali. Wakishapatana, kila mmoja alirudi kwake ameridhika. Mkubwa wa soko hakuwapo, wala hakuna aliyemhitaji.

Siku moja akaja Nyati, akajibwaga katikati ya njia, puu! Akatangaza kuwa soko lisilo na mkubwa ni fujo. Tangu siku ile hakuna kubadilishana bila ruhusa yake, na kwa kila ruhusa, nusu ya mzigo ni yake. Nguchiro alipouliza ni nani aliyemteua, akaonyeshwa pembe.

Bi Kindi alikuwa na mtoto anayekohoa, na dawa yake ni asali. Alipokuja kubadilishana na Nyegere, Nyati alikula nusu ya karanga, akalamba nusu ya asali. Kilichobaki hakikujaza hata ganda moja. Bi Kindi aliondoka na uchungu moyoni. Kupigana na Nyati asingeweza. Basi akawapitia wenzake mmoja mmoja, akiwanong'oneza.

Asubuhi yake akapiga magoti mbele ya Nyati.

"Bwana mkubwa, naomba ruhusa nijikune sikio."

Nyati akavimba kwa furaha. "Jikune."

"La kulia au la kushoto?"

"La kulia."

"Mara ngapi, bwana?"

Nyuma yake Nyegere aliomba ruhusa ya kupiga chafya, Nguchiro ya kukaa, kisha ya kuinuka. Kima wakaja kundi zima, kila mmoja akiuliza mkia wake auinue au auburute. Nyati akitaka kwenda kunywa maji, Bi Kindi humwuliza nani atawaruhusu kupumua. Akidai nusu yake, huambiwa wamalize kwanza ruhusa ndogondogo, karanga zitafuata.

Siku ya tatu, koo limekauka na mbavu zinahesabika, Nyati akasimama.

"Fanyeni mtakavyo! Kila mtu ajitawale!"

"Hiyo nayo ni ruhusa, bwana?" Bi Kindi aliuliza kwa upole.

Nyati alishatimua mbio, gidi gidi gidi, hadi mbugani.

Bi Kindi akashusha pumzi ndefu. Nyegere akamsogezea kibuyu kizima cha asali, naye akammiminia karanga mpaka Nyegere mwenyewe akasema zinatosha. Siku ile mtoto alilamba asali, kifua kikatulia, na mama yake akacheka peke yake.

Wanaojua kupatana hawahitaji bwana wa kuwaruhusu.