Bwawa la Sungura Lisilo na Alama ya Mkono

Mwaka mmoja, katika nchi ya wanyama, mawingu yalikuwa yakipita kama wageni wenye haraka: yanasalimu, hayaketi. Mto ukawa mchanga, visima vikawa mashimo. Simba, aliyekuwa mfalme na hakupenda jambo hilo lisahaulike, akamtuma Kanga atangaze kila kichaka: bwawa lolote lililochimbwa kwa mkono litatoa nusu ya maji yake kwa ajili ya wote. Nusu nyingine itabaki kwa aliyelichimba.

Sungura alilisikia tangazo hilo akiwa uani kwake, kando ya bwawa lake. Lilikuwa dogo, Kiboko angetia mguu mmoja, kisha akahangaika pa kuuweka wa pili. Lakini ndani yake waliogelea samaki wa rangi ya dhahabu, aliowalea tangu wakiwa wadogo kama punje za mtama. Kila asubuhi waliinua midomo kumlaki. Sungura alijua kwamba walichopenda ni makombo, si yeye. Hata hivyo, kulakiwa ni kulakiwa.

"Baba watoto, toa nusu tupumue," mkewe alimwambia.

"Nusu ya haya ni tope. Samaki watakufa."

"Basi kawaambie hivyo."

"Niwaambie ukweli?" Sungura akamtazama kama aliyeshauriwa kutembea kinyumenyume. Mwenye sifa ya ujanja ana shida moja: njia iliyonyooka haimfai, hata ikianzia mlangoni kwake. Majirani wangesemaje?

Amri ilitaja mabwawa ya kuchimbwa. Basi hili lisiwe la kuchimbwa. Liwe limejitokea lenyewe.

Kazi haikuwa ndogo, maana bwawa lilikuwa duara kama sufuria, na mawe ya ukingoni yalikuwa ya saizi moja, yamepangwa kama meno. Hapo zamani hakuna mgeni aliyeondoka bila kuzungushwa kulisifu. Sasa Sungura alilitazama upya, akaona haya. "Aliyelitengeneza hili," alijiambia, "alikuwa na wakati mwingi na akili kidogo."

Akamwita Fisi.

"Nitalipwa nini?" Fisi aliuliza kabla ya kuambiwa kazi.

"Mifupa yote ya karamu ijayo."

"Na ngozi?"

"Na ngozi."

"Karamu yenyewe lini?"

"Mvua ikinyesha."

Fisi alitaka kukataa, lakini tumbo lake lilikuwa limeshakubali.

Wakalivunja lile duara. Jiwe kubwa liliwekwa karibu na dogo, kila moja likafukiwa mpaka kiunoni ili lionekane limezaliwa pale. Upande mmoja wakauteremsha polepole, isijulikane maji yanaishia wapi. Gogo bovu likalazwa nusu ndani, nusu nje. Fisi alipopanda matete kwa mstari, Sungura aliyang'oa yote.

"Umewahi kuona matete yamepanga foleni, ndugu yangu?"

"Nimewahi kuyala tu," Fisi alisema.

Mawe bado yalionekana mapya, kwa hiyo Sungura akayapaka uji wa mtama uliochacha ili yaote ukoga wa kijani kama mawe ya kale. Kesho yake yalikuwa safi, yanang'aa.

"Fisi, uji uko wapi?"

"Uji gani?" Fisi alijibu, masharubu yake yamekauka meupe.

Sungura akapaka tena, safari hii akichanganya na pilipili. Fisi hakuonekana kutwa nzima, na ukoga ukaota vizuri.

Kazi ilipokwisha, vyura walikuja wenyewe bila kualikwa. Sungura aliketi ng'ambo akatafuta mahali mkono wake ulipopita, asipaone. Alifurahi. Kilichomuuma ni kwamba hakuwa na wa kumringia.

Simba akafika kukagua, wanyama wengi nyuma yake. Akalizunguka bwawa taratibu, kwa kuwa hakuwahi kuharakisha mbele ya watazamaji.

"Nani alichimba hapa?"

"Hakuna, Mtukufu. Tulilikuta."

"Hata jiwe moja hukuweka?"

"Yatazame mwenyewe, Mtukufu. Mkono gani unaweza kufanya kazi kama hii?" Sungura aliona raha kidogo, maana aliona amesifiwa, ingawa aliyemsifu ni yeye.

Simba akainama, akanusa mawe, akavuta tete moja, likagoma kung'oka. "Kweli," alisema. "Haya ni maji ya Mungu." Akawageukia wanyama. "Na maji ya Mungu hayana mwenyewe. Kunyweni yote."

Sungura aliijua desturi hiyo tangu akinyonya. Hakuwa ameisahau, alikuwa na shughuli nyingi mno za kuwa mjanja, akakosa nafasi ya kuikumbuka.

"Mtukufu," alisema haraka, "nililichimba mimi. Chukueni nusu."

"Umetoka kuniambia hukulichimba."

"Nilikuwa nadanganya."

"Na sasa?"

"Sasa nasema kweli."

Simba akafikiri. "Basi tuonyeshe alama ya mkono wako."

Sungura akalizunguka bwawa mbio. Akachungulia chini ya gogo, akapekua matete, akakwangua ukoga, akitafuta upumbavu wowote aliouacha nyuma. Hakupata hata mmoja. Maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi nzuri kiasi kile.

"Fisi anajua," alisema akihema. "Tulibeba mawe pamoja."

Fisi akayatazama maji, akamtazama Sungura, akayatazama maji tena. "Mimi sina habari na mawe," alisema. "Kiu inamfanya aseme ovyo, maskini. Mwacheni anywe naye."

Wanyama wakacheka, hata wale waliowahi kuzungushwa kulisifu lile duara, maana nao walikuwa na kiu, wakashuka majini. Sungura akaomba jambo moja tu: samaki wake. Simba hali samaki, kwa hiyo ukarimu haukumgharimu kitu, akakubali. Mke wa Sungura akaleta chungu, na mumewe akawahamishia samaki humo mmoja mmoja.

Samaki wa chunguni wanataka kubadilishiwa maji. Basi kila asubuhi Sungura alijipanga kwenye foleni uani kwake mwenyewe, kibuyu mkononi, nyuma ya Ngiri. Asubuhi moja nyuma yake alisimama Swala kijana, mgeni aliyetoka mbali. Swala akanyoosha shingo kutazama matete na mawe.

"Mjomba, pazuri hapa. Ukipaona tu unajua hakuna kiumbe aliyepagusa."

Sungura akafungua kinywa. Alitaka kumweleza habari za uji, na za pilipili, na jinsi jiwe linavyofukiwa mpaka kiunoni. Akawatazama waliokuwa mbele yake, akaona masikio yao yamekwisha kugeuka, tayari kumcheka.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Ni pazuri sana."

Foleni ikasogea, naye akasogea.