Foibe ni Haki ya Nani?

Sogeeni. Na yule mwenye jibu la kila kitu afunge mdomo kwanza, leo sitaki haraka.

Palikuwa na watu watatu. Mbonea, mkufunzi wa chuo kikuu, alijua namna mtoto anavyojifunza. Nakiete, mwalimu wa shule ya mlimani, alituliza darasa kwa jicho tu. Na Zaina, mwanafunzi wa Nakiete wa darasa la pili, huyo hakuogopa mtu.

Mwenye mtihani ni Nakiete. Mumewe alishafariki, wanawe wako mijini, walimu wenzake walihama mmoja mmoja. Jioni aliongea na sufuria. Upweke ulimkondesha, jamani.

Ndipo chuo na shule vikapatana: wanachuo wasije tena kukaguliwa siku moja na kuondoka, wajifunze kazi hukohuko darasani, mwaka mzima, chini ya mwalimu mlezi. Akaletwa Foibe, binti mwoga, anafundisha ubao huku watoto kawapa mgongo. Akapangiwa kukaa kwa Nakiete, na nyumba ikachangamka.

Mbonea akapanda mlima kila wiki kumwonyesha Foibe jinsi ya kupanga somo. Somo likapangika, sauti haikutoka.

Nakiete akamwachia darasa lake, akaketi dawati la nyuma kama mwanafunzi. Foibe akikwama, Nakiete anamwitikia kwa kichwa: endelea. Sauti ikatoka, watoto hawakuelewa.

Nanyi mnawajua watoto wetu! Mwalimu akiuliza, "Tumeelewana?" wanaitikia, "Ndiyooo!" hata kama hawajaambulia kitu. Pakiwa na mgeni ndiyo kabisa, wanamwokoa mwalimu wao. Siku moja Mbonea ameketi na kalamu yake, Foibe akauliza hivyohivyo, Zaina akasimama.

"Mimi sijaelewa, mwalimu."

Loo! Foibe akaweka chaki chini, akachuchumaa kando ya Zaina, akaanza upya. Tangu hapo akawa mwalimu kwelikweli.

Mwaka ukaisha. Mbonea akaja. "Mwalimu Nakiete, chuo kinamtaka Foibe akawafunze wanachuo wengine. Bila mimi angekuwa anabahatisha."

Zaina akadakia, "Bila mimi angedhani tumeelewa! Abaki na sisi."

"Bila mimi angekuwa bado anaongea na ubao," alisema Nakiete. Alitaka kuongeza: na mimi nitabaki na nani?

Foibe akapiga goti. "Mama, wewe ndiye mlezi wangu. Utakalosema, nitalifanya."

Nakiete akamshika mkono, akamwinua. Akisema abaki, atakuwa amewasemea watoto au ameusemea upweke wake? Hata yeye hajui.

Haya, semeni nyie. Watatu walimfanya Foibe mwalimu, na Foibe ni mmoja. Je, ungekuwa wewe Nakiete, ungemjibu nini binti huyo?