Sauti ya Kisimani

Mtu anaweza kusimama kando ya uwanja, akahesabu hatua za wachezaji wote, na bado asijue kinachowafanya watabasamu. Siri hiyo huijua aliyeingia. Ndivyo ilivyomtokea Dekow, mfamasia wa Garissa, aliyejifunza kwa kuchelewa kwamba uhondo wa ngoma, uingie ucheze.

Roho ya Dekow haikuwa kwenye dawa. Ilikuwa katika chumba kimoja nyumbani kwake, alikotandika mazulia na kutundika mapazia mazito ili mwangwi ukose pa kushika, kisha akasimamisha spika mbili ndefu kama walinzi wa lango. Alasiri, mji ulipolegea kwa joto, aliweka maikrofoni ya kupimia katikati ya chumba, akapiga milio ya majaribio na kutazama mstari ulioichora sauti hiyo kwenye kompyuta. Mstari ukinyooka kama mbuga za Wajir, moyo wake ulitulia. Ukiinuka hata kidogo, alikosa raha.

Mwaka huo baba yake, mzee Ahmednoor, alifariki dunia huko Griftu, upande wa Wajir. Eda ilipokwisha, Dekow alimleta mama yake, Nafiso, akae naye mjini. Mama alikuwa mkimya kama kivuli. Alikula kidogo, akasema kidogo, akautazama mlango kama anayengoja msafiri. Katika mzigo wake mlikuwa na kaseti moja iliyorekodiwa zamani na mgeni mmoja: Ahmednoor akiimba kisimani, akiwanywesha ngamia. Duniani kote sauti yake haikubaki kwingine.

Dekow alijiapiza kumrudishia mama sauti hiyo ikiwa safi. Aliiingiza kwenye kompyuta, akapima, akafuta mkwaruzo, mvumo na kila alichokiona kimezidi, hata mstari ukatulia kama maji mtungini. Kisha akamketisha mama mbele ya spika. Wimbo ulitoka ukimetameta kama kisu kipya. Nafiso alisikiliza, akashukuru, akamwombea mwanawe baraka. Halafu akasema anataka kurudi Griftu.

"Hooyo, mama yangu, hukuipenda?" Dekow aliuliza.

"Ni sauti yake, mwanangu. Lakini anaimba kama mtu aliye peke yake kaburini."

Maneno hayo yalimchoma Dekow kama mwiba wa mgunga. Alimwita mkewe, Ruweyda, akamwonyesha jinsi mstari ulivyonyooka. Ruweyda aliutazama, kisha akamuuliza kwa upole, "Na wewe ulipoisikiliza, ulisikia nini?"

Dekow alirudisha macho kwenye mstari. Muda wote huo alikuwa ameutazama wimbo wa baba yake, hakuwa ameusikiliza.

Asubuhi ya safari, mama alipokuwa uani akifunga mzigo, Dekow alizima kompyuta. Alitia kaseti yenyewe kwenye redio, akaiunganisha na spika, akaketi zuliani na kufumba macho. Kwanza ulikuja mvumo, kama upepo juu ya mchanga. Mkono ulimwasha kwenda kuurekebisha, akauzuia. Polepole chumba kikapanuka, kuta zikayeyuka. Ndoo ziligonga mawe. Ngamia walivuta maji kwa pumzi ndefu, na sauti ya baba ikapanda kutoka shimoni, ikiwa na vumbi na jua lake. Mwisho wa kila ubeti, kwa mbali, sauti nyembamba ya msichana ilimwitikia. Ilikuwa hafifu mno. Dekow alikuwa ameifuta pamoja na upepo. Aliitambua kama mtoto anavyoitambua harufu ya mamaye.

Alipofumbua macho, Nafiso alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakuwa amenioa bado," alisema. "Nilikuja kuteka maji tu."

Akaketi kando ya mwanawe. Ubeti uliofuata ulipoisha, aliuitikia mwenyewe, uzee wake ukilalia juu ya usichana wake kama shuka. Dekow, ambaye hakuwahi kuimba mbele ya mtu, akaitikia pia, akipotea na kurudi. Ruweyda alikuja akaketi nao. Gari la Wajir liliondoka bila Nafiso, na mchana huo aliomba chakula.

Dekow hakukitupa kipimo chake, maana hakikumdanganya. Kilimjibu yale tu aliyokiuliza. Lakini utamu alioutafuta kwa macho miaka mingi, aliupata siku alipoketi akaimba. Hakika, uhondo wa ngoma, uingie ucheze.