Mbayuwayu na Unyasi wa Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Masikio yako wapi?

Yako hapa, yamekaa kitako!

Basi yatulie. Hapo zamani za kale palikuwa na mlima mrefu, kileleni barafu, kiunoni mawingu. Upande huu waliishi ndege. Upande wa pili aliishi Pimbi na watoto wake saba.

Siku moja Pimbi akapiga ukelele, mwangwi ukavuka mlima: "Wanangu wana homa! Nileteeni magome ya mti mchungu!" Mti wenyewe uliota upande huu tu. Kuzunguka mlima ni siku saba, na homa haingoji.

Tai akatunisha kifua. "Leteni hapa! Mimi sijawahi kurudi nyuma." Akaingia winguni. Mbawa zikashika barafu, puu! Akaanguka kichakani kama gogo.

Kunguru akacheka. "Mimi nitajipaka mafuta." Akajipaka, akang'aa, akapanda. Akafika mbele kidogo ya pale alipofika Tai, naye puu!

Akabaki Mbayuwayu, kiumbe mdogo hivi. Aliogopa, tena sana. Lakini watoto wale saba aliwajua kwa majina. Akamwendea Tai pale alipolala.

"Shikamoo, Mzee Tai. Ulihisi nini kabla ya kuanguka?"

"Marahaba. Niache, mtoto." Kisha Tai akashusha pumzi. "Mbawa zilikuwa nzito mapema, mwanangu. Nikaona haya kurudi."

Mbayuwayu akatazama huku na huku. Mawe yalikuwa bado makavu, lakini nyasi nyembamba zilikwisha kuwa nyeupe kwa barafu. Lo! Kumbe barafu hushika chembamba kwanza, kabla ya mbawa!

Akang'oa unyasi mbichi, akaubana mdomoni. Akajipaka mafuta ya Kunguru, akashika magome miguuni, akapaa. Tumsaidieni kuimba, maana yeye mdomo umejaa:

*Unyasi, unyasi, sema nami,*
*nipande juu au nishuke chini?*

Unyasi ukawa mweupe. Akashuka upesi bondeni penye jua, barafu ikayeyuka.

"Karudi! Mwoga huyo!" akapayuka Kunguru.

*Unyasi, unyasi, sema nami,*
*nipande juu au nishuke chini?*

Ukawa mweupe tena. Akashuka tena. Kunguru akacheka mpaka akapaliwa.

Mara ya tatu Mbayuwayu akapita chini ya wingu, kwenye mwanya wa miamba. Akautazama unyasi: kijani! Akapiga mbawa: kijani! Akapenya upande wa pili, jua likampiga usoni, akapiga kelele ya furaha hata unyasi ukamdondoka.

Pimbi akachemsha magome. Kufika jioni, watoto wote saba walikuwa wanagombania uji. Pimbi akalia, akacheka, akamkumbatia Mbayuwayu nusura amvunje.

Aliporudi upande huu, ndege wote wakamshangilia. Tai mwenyewe akasimama akasema, "Kuanzia leo hapiti mtu mlimani bila unyasi. Na anayerudi asichekwe." Kunguru akainama, akaenda kuchuma wake.

Mmesikia, wanangu? Aliyerudi mara mbili ndiye aliyefika. Ukiona dalili ya hatari, geuka mapema, wala usione haya.

Hadithi yangu imetua salama. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie mwenyewe.