Kadi Iliyowekwa Mezani

Mtu mmoja alikuwa na macho mawili mazima, mpaka siku alipoona kivuli kwenye pembe ya jicho la kushoto, nacho hakikuondoka hata alipofumba na kufumbua. Aliitwa Ambakisye, mchuma chai wa milimani, mtu wa kanisa na wa kucheka kwa sauti. Hospitalini wakakuta saratani ndani ya jicho. Wakalitoa jicho lote, kidonda kikapona, naye akazoea kugeuza shingo kila jirani alipomsalimu kutoka kushoto.

Siku ya kuruhusiwa daktari alimpa kadi yenye tarehe. Alimweleza polepole kwamba saratani ya aina ile huweza kuwa imetoroka kabla jicho halijatolewa, ikajificha kwenye ini miaka mingi bila kuuma. Kwa hiyo arudi kila baada ya miezi sita, ini lipigwe picha. Ambakisye aliitikia. Mtu aliyetoka kwenye kisu huitikia kila kitu.

Nyumbani walimfanyia ibada ya shukrani, kama ilivyo desturi yao. Kuku walichinjwa, tarumbeta zikapigwa, naye akasimama mbele kushuhudia. Furaha ikampanda kichwani. Akaitoa ile kadi mfukoni, akaiweka juu ya meza ya sadaka, akatangaza kwamba Mungu hafanyi kazi nusunusu na yeye hana tena miadi na daktari. Vigelegele vilitaka kung'oa paa. Mkewe, Tusekile, alipiga makofi mawili tu. Mzee wa kanisa aliichukua kadi, akaifungia kabatini.

Tarehe ya kwanza ikapita, na ya pili. Msidhani Ambakisye alikuwa mjinga. Maneno ya daktari aliyakumbuka yote. Lakini kuiomba kadi ilikuwa sawa na kuirudisha shukrani, na shukrani ambayo kuku wake wamekwisha kuliwa utairudishaje? Tena watu walikuwa wamemfanya mfano. Kila mtaa uliokuwa na mgonjwa ulimwita Jumapili aende kushuhudia, naye alikwenda, akasema yale yale, kila mara kwa sauti kubwa zaidi na kwa moyo mzito zaidi. Aliona haya, basi. Watu waliita imani, naye akawaacha waite hivyo.

Tusekile alizishika tarehe zote kichwani. Kila moja ilipokaribia alimkumbusha akimmiminia chai, na kila mara mumewe alijifanya anapuliza chai iliyokwisha poa. Ilipokaribia ya nne hakumkumbusha tena. Alimwambia kwamba Jumapili atasimama yeye mwenyewe mbele ya watu kuiomba kadi, na mumewe akipenda abaki nyumbani. Hilo Ambakisye hakuliweza. Na wiki ile alikuwa ameanza kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia, kila alipoinama kwenye michai.

Jumapili Ambakisye alisimama mwenyewe wakati wa shuhuda. Akasema kweli: kwamba alimshukuru Mungu kwa jicho, kisha akajificha nyuma ya shukrani ile, kwamba anaogopa, kwamba anaomba kadi yake. Alingoja kuzomewa, na alikwisha jiandaa.

Mzee wa kanisa akaenda kabatini. Akakawia. Aliporudi alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili, nazo zilikuwa tisa.

"Ndugu Ambakisye," akasema, "ipi ni yako?"

Ambakisye hakuwa amejua. Waumini walikuwa wameufuata mfano wake mmoja mmoja, katika zile Jumapili alizokwenda kushuhudia kwingine, kila mtu akaleta yake: ya presha, ya kifua kikuu, ya mtoto mwenye kifafa. Akayasoma majina kwa jicho lake moja. Kadi ya sita ilikuwa ya Mama Nsajigwa, mgonjwa wa kisukari, ambaye jeneza lake Ambakisye mwenyewe alilibeba begani mwezi wa pili. Aliposoma jina lile alikaa chini palepale sakafuni, akalia.

Wenye kadi saba walikuja kuzichukua, wengine kwa hasira. Yake aliichukua. Ya Mama Nsajigwa ilibaki mezani, hakuna aliyeinyooshea mkono.

Kesho yake alikwenda hospitali. Picha ilionyesha madoa mawili kwenye ini, na daktari akamwanzishia dawa bila kumwahidi kitu.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, niambieni: ugonjwa wa mtu huyu ulienea wapi kwanza, kwenye ini lake au ndani ya kabati lile?