Kigololi Ndani ya Kioo

Mwenye kiti asogee, asiye nacho akalie ndoo, na anayechemsha chai asikilizie huko huko. Nawapa fumbo lililonishinda. Na mimi kushindwa nimezoea, nimeshindwa katika miji mingi.

Tukuyu palikuwa na karakana ya mafundi watatu wa kuchomelea. Nsajigwa alikuwa na mkono usiotetemeka hata kwenye baridi ya Juni. Sekela alikuwa na jicho: chombo akikitazama tu, anajua kitamdanganya fundi wapi. Ambonisye alikuwa na sikio. Gari likipita barabarani, anakwambia linaumwa nini.

Desturi yao, kila tangi hugongwa mguuni jina la fundi mmoja tu, ili likivuja ajulikane wa kuulizwa. Jina la Nsajigwa lilikuwa kwenye matangi yote. La Sekela halikuwapo hata kwenye beseni.

Akina mama wafugaji wakaagiza tangi la maziwa, la chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho huchomelewa kwa gesi inayozuia hewa isiguse mshono ungali wa moto. Sekela akaenda dukani kuchagua regulata ya kupimia gesi hiyo.

"Chukua hii ya mshale, dada. Inang'aa!"

"Mpira wa gesi ukiziba, mshale wako unasimama pale pale, kaka. Nipe yenye kioo na kigololi. Gesi ikikatika, kigololi kinaanguka nakiona."

Akaifunga wima kwenye mtungi, akafungua mpaka kigololi kikafika katikati, akaenda kula.

Nsajigwa akaitazama. Kinga ya gesi, kwake, ilikuwa kama blanketi la Tukuyu: zito ndilo zuri. Akafungua mpaka kigololi kikagonga juu, akaanza kuchomelea. Gesi ikatoka kwa fujo, ikavuta hewa humo humo, na mshono ukatoka mweusi, una vitundu kama mkate. Mama mwenyekiti wa wale wafugaji akaingia wakati huo huo.

"Fundi, ndiyo nini hii?"

"Regulata ya Sekela hiyo, mama," neno likamtoka Nsajigwa.

"Basi huyo asiguse tangi letu."

Sekela aliporudi akaambiwa. Hakubisha, akaenda kukaa nje juu ya tairi.

Ambonisye akainamisha kichwa. "Mbona gesi inapiga kelele kama sufuria la maharage? Inayokinga hunong'ona." Akaipunguza mpaka ikanong'ona. "Nani aliipandisha?"

Nsajigwa akashusha kofia ya kuchomelea, uso ukapotea. "Tuendelee, bwana."

Akausaga mshono mbovu, akashona upya tangi zima. Moyo ulitetemeka, mkono haukutetemeka. Wakajaza maji: halikudondosha hata tone.

"Gonga jina, fundi," akasema mama mwenyekiti.

Nsajigwa akashika nyundo. Akatazama kwenye tairi.

"Mama, kigololi nilikipandisha mimi. Sekela nilimsingizia."

"Nilijua," akasema Sekela. "Nilikiacha katikati."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka nione utakaa na neno hilo mpaka lini."

Mama akatikisa kichwa. "Gonga la Sekela basi."

"Kama ni la kunipoza, silitaki."

"Na sikio langu je?" akasema Ambonisye. "Mngekuwa bado mnaoka mikate hapa!"

Nyundo iko mkononi mwa Nsajigwa, na maziwa ya jioni yako mlangoni. Jicho lilichagua, sikio likaokoa, na mkono ulioharibu ndio ulioshona. Haya, wewe unayecheka hapo kwenye ndoo: ungegonga jina la nani?