Mlinzi Aliyezibwa Mdomo

Wapendwa, tulieni kidogo. Kulikuwa na ndugu wawili, mafundi wa kompyuta. Siyo wale wa kubadilisha vioo vya simu, hapana. Hawa waliandika maagizo ya ndani kabisa, yanayoiambia kompyuta namna ya kutunza kumbukumbu yake. Mule ndani mna kidude, tukiite mlinzi. Herufi au tarakimu ikiteleza, mlinzi anairudisha mahali pake, halafu anapiga kelele: "Nimerekebisha hapa, angalieni!"

Na kazi yao ina desturi: ukishona kiraka, yaani badiliko, kwenye maagizo, hakiingii mpaka mwenzako akikague, aweke jina lake chini.

Basi mkubwa akaleta kiraka. Mdogo akakisoma. Kilikuwa kinazima zile kelele.

"Kaka, hapa umemziba mlinzi mdomo."

"Analalamika mno. Si anarekebisha mwenyewe?"

"Leo anarekebisha. Siku akizidiwa, tutajuaje?"

"Haya, umeanza! Tumepatana juzi tu, mama kachinja mpaka jogoo, wewe ushatafuta kasoro?"

Tangu mazishi ya baba yao hadi juzi walikuwa hawasalimiani. Mdogo akaona, nikikataa hapa, kaka nimemkosa tena. Akaweka jina.

Kiraka kikaingia kwenye kompyuta za hospitali. Kimya! Watu wakawasifu. Nani angejua mlinzi kazidiwa, kumbukumbu inaoza? Tarakimu ya kipimo cha dawa ikageuka yenyewe, dawa ikazidishwa, mtoto wa watu akazikwa.

Mdogo akamwendea kaka yake analia. "Kwa nini uliniletea mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye huwa unanikatalia. Sikuwa na hakika. Nilipoona jina lako nikasema, basi, ni salama."

Mnasikia? Alikuwa anataka akataliwe! Na ndugu hao leo hawagombani. Hawana hata la kusemezana.

Haya, sisi je? Tukikaa kusuluhisha mtu na mkewe, si tunasema "yaishe, yaishe"? Binti akija analia tunamwambia vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo, tunamrudisha na kanga mpya. Kisha tunajisifu, ukoo wetu hauna makelele. Amani gani hiyo jamani? Majina yetu yako chini ya hayo mapatano, yangu na yako.

Mkifika nyumbani leo, yupo mtu aliyeacha kulalamika. Msimshukuru Mungu kwa hilo. Mwulizeni. Na mjue, huenda mmeshachelewa.